Daktari wa Ng'ombe na Pikipiki ya Stima

Ikutha hatuna uhaba wa wataalamu. Mvua tunaweza kukosa misimu miwili mfululizo, na maji ya bomba huja siku ya ziara ya mkubwa fulani na kuondoka naye, lakini mtu akisimamisha kitu kilichoharibika kando ya barabara, kabla hajafuta jasho atakuwa amezungukwa na wataalamu saba. Mimi ni mmoja wao. Nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka linalotazamana na gereji ya Jonah, na ingawa sijawahi kufungua hata redio, nilitoa maoni yangu kuhusu pikipiki ya Ndila mara nne, bila kuombwa.

Ndila ndiye daktari wetu wa mifugo. Kwa karatasi si daktari kamili, ana cheti cha miaka miwili tu, lakini ng'ombe akishindwa kusimama hakuna anayeuliza habari za karatasi. Ana miaka hamsini na miwili, ni mfupi, haongei sana, na mkono wake wa kulia umeingia ndani ya ng'ombe wengi kuliko idadi ya watu niliowahi kusalimia. Kwa miaka ishirini na sita amefuata wagonjwa wake kwa miguu, kisha kwa baiskeli, kisha nyuma ya bodaboda akiwa amekumbatia kisanduku cha chanjo chenye barafu. Vijana wa boda wanamheshimu sana. Wanamheshimu kiasi kwamba wakimwona na kile kisanduku nauli inapanda papo hapo, kwa sababu, wanasema, mzigo wa daktari ni mzigo nyeti.

Mwaka jana akachoka kuheshimiwa. Akaamua kununua pikipiki yake mwenyewe, na kwa vile bei ya petroli kila mwezi ilikuwa inatangazwa kama habari ya msiba, akachagua ya stima, ile ya betri ya kuchaji. Ya mtumba. Kutoka Emali.

Aliyemuuzia alikuwa Githaiga, mtu wa asili ya Nyeri aliyekaa Emali miaka mingi mpaka anatukana kwa Kikamba vizuri kuliko sisi wenyewe. Ana uwanja nyuma ya yadi ya malori, umejaa pikipiki za kila aina. Ndila aliizunguka ile ya stima kama anavyozunguka fahali sokoni. Akabonyeza tairi, akavuta breki, akainama chini ya usukani. Pale shingoni, mahali nyaya zinapotoka kwenye usukani kuingia mwilini, palikuwa pamefungwa tepu nyeusi, nene kama bandeji.

"Hapa ilifanywa nini?" akauliza.

"Wapi? Hapo? Hiyo ni urembo tu, mama," Githaiga akasema. "Hii kitu ni kama mpya. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, alikuwa anaenda nayo kanisa peke yake."

Nimekuja kugundua kwamba kila pikipiki ya mtumba nchini Kenya ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anaenda nayo kanisani. Sijui hao walimu walikuwa wanaenda sokoni na nini.

Ilipakiwa kwenye kenta, ikashuka Ikutha siku ya Alhamisi, na Jumapili ilikuwa kanisani. Aliyeipeleka hakuwa Ndila. Alikuwa mumewe, Nyamai, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye alikuwa amepinga ununuzi ule kwa wiki tatu, tena kwa maandiko. Aliiegesha mbele ya mlango mkubwa, mahali ambapo hata mwenye mtoto wa jicho angeiona, kisha akaingia na kukaa kiti cha nyuma ili awe wa kwanza kutoka. Watu walipomzunguka baada ya ibada, akawaeleza kwa unyenyekevu kwamba haina kelele wala moshi, na kwamba yeye binafsi ndiye aliyeona mbali.

Juma la pili ikaanza kuzimika.

Haikuwa ikizimika kama pikipiki za kawaida, zinazokohoa kwanza na kukupa nafasi ya kujiandaa. Hii ilikufa ghafla. Kile kioo kidogo kinachoonyesha mwendo kwa namba kilizima, taa zikazima, nguvu ikakatika, na Ndila akabaki ameketi juu ya chuma kizito katikati ya njia kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Akiisukuma hatua chache, wakati mwingine ilifufuka yenyewe. Wakati mwingine ilikataa kabisa. Mara ya kwanza ilimfia kwenye kona ya kichinjio, akaisukuma hadi gereji ya Jonah, mita kama mia tatu, huku sisi tukimtia moyo kutoka vivulini.

Jonah ametengeneza pikipiki kwa miaka kumi na minane. Akavua kofia, akachuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Plagi yake iko wapi?"

"Haina plagi," Ndila akasema.

"Kabureta?"

"Haina."

Jonah akainuka, akazunguka upande wa pili, labda huko kulikuwa na kitu. "Sasa hii inapumulia wapi?"

Mtu mwingine angekiri kwamba huyu mgonjwa si wa hospitali yake. Lakini Jonah ni fundi, na fundi wa kweli hawezi kumrudisha mteja bila kumfanyia kitu. Akachukua mkebe wa grisi akapaka kila kilichokuwa kinacheza: mnyororo, stendi, vishikio vya breki, mpaka pikipiki ikang'aa kama nywele za bibi harusi. Kisha akanyoosha usukani, akazungusha ufunguo, na taa zikawaka.

"Mnaona?" akasema. "Ilikuwa imekauka."

Tulipiga makofi. Siku mbili baadaye ikazima mbele ya lango la kanisa, Nyamai akiwa juu yake, amevaa suti.

Zamu ikawa ya Ben. Ben ana kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza televisheni, na mbele ameandika kwa rangi nyekundu kwamba anatengeneza kila kitu kinachotumia stima. Kumbe alikuwa anangoja siku kama hii. Akafungua kiti, akafungua kifuniko cha pembeni, akaingiza pua ndani.

"Kontrola imeungua," akasema. "Hii ndiyo ubongo. Inatoa nguvu kwa betri, inaamua injini ipewe ngapi. Nusa."

Ndila akanusa. Kulikuwa na harufu ya kuungua kweli, ila ilikuwa inatoka kwa jirani, mahali wanapokaanga samosa. Hata hivyo akamwachia. Ben akaing'oa ile kontrola, akakaa nayo siku sita kwa ajili ya uchunguzi, akairudisha ile ile, imefutwa vumbi. Pikipiki ikawaka. Tofauti pekee ni kwamba tangu hapo ukibonyeza honi, indiketa ya kushoto ndiyo iliyojibu. Ben alieleza kwamba hiyo ni ya usalama.

Mimi nami sikukaa kimya. Nilimwambia Ndila kwamba betri inataka maji. Akanieleza kwa upole kwamba betri yenyewe ni boksi lililozibwa pande zote, haina hata tundu. Nikamwambia basi hilo ndilo tatizo lenyewe.

Akampigia Githaiga. Githaiga akasikitika sana. Alisikitika kwa dakika nzima, kisha akasema, "Mama, huko kwenu Ikutha joto ni nyingi. Hiyo pikipiki ilizoea hewa ya Emali." Emali, kwa wasiopajua, ndipo penye theluji.

Nyumbani Nyamai akawa na maneno mawili tu. "Mimi nilisema." Aliyasema asubuhi, akayasema akinywa chai, akayaweka mpaka kwenye sala ya kushukuru chakula, kwa mafumbo.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka leo, maana kusema kweli tulikuwa tunafurahia, kama si ng'ombe wa Wayua.

Wayua ni mjane, anaishi ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga, kiasi cha mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kuwatia majirani wivu. Alasiri moja akapiga simu: ng'ombe amekamatwa na uchungu tangu asubuhi na ndama hatoki. Ndila akachukua mfuko wake, akawasha pikipiki, akaondoka. Alifika pale njia inapoacha barabara kubwa na kuelekea mtoni. Akakata kona. Ikazima.

Akaisukuma mbele, akaisukuma nyuma. Akazungusha ufunguo mpaka kidole kikauma. Akampigia kijana mmoja wa boda, akaambiwa yuko Kibwezi. Wa pili hakushika simu. Basi akaiacha pikipiki kwenye kichaka, akajitwika mfuko, akavuka ule mchanga kwa miguu. Mchanga wa mtoni unameza hatua, unaujua mwenyewe kama umewahi kuupita na mzigo.

Alipofika, ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Ndama alikuwa ametanguliza miguu lakini kichwa kimekunjika nyuma. Ndila alifanya kazi akiwa amelala tumbo chini, mkono umezama hadi begani, akasukuma, akatafuta taya, akanyoosha, akamwambia Wayua avute. Ndama akatoka. Alikuwa jike, mweupe kifuani, na alikuwa bado na joto. Ndila akamsafisha pua, akamtikisa, akamsugua kwa majani makavu, akampulizia. Aliendelea kumsugua hata baada ya kujua.

"Wacha, Daktari," Wayua akasema. "Ng'ombe amebaki. Tushukuru."

Ndila akanawa, akaketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa. Wayua alinisimulia baadaye kwamba alikaa pale muda mrefu, anaangalia mikono yake, halafu akasema, si kwa kumwambia mtu, "Nimechelewa saa moja."

Kesho yake aliitoa pikipiki kichakani, akaisukuma hadi nyumbani, na hakumwita fundi yeyote.

Ndila ana daftari la wagonjwa. Kila mnyama ana ukurasa wake: jina la mwenyewe, umri, ameanza kuugua lini, anakula au hali. Asubuhi ile akafungua ukurasa mpya. Nimeuona kwa macho yangu. Juu ameandika "Pikipiki." Kwenye umri ameandika "Muuzaji alidanganya." Chini yake akaandika kila mahali ilipomfia. Kona ya kichinjio. Lango la kanisa, ukiingia. Njia ya kwa Wayua. Mbele ya posho mill, pale pa kusaga unga. Kisha akaandika mahali ambapo haijawahi kuzima: barabara kubwa ya lami, hata siku alipobeba magunia mawili ya chumvi ya ng'ombe.

Akauangalia ule ukurasa huku chai ikipoa. Sisi sote tulikuwa tumeuliza nini kimeharibika. Hakuna aliyekuwa ameuliza inaharibika wakati gani. Na ukisimama katikati ya Ikutha ukafikiria, kichinjio unakata kushoto. Kanisa, kushoto. Kwa Wayua, kushoto. Posho mill, kushoto.

Akatoka hadi uani, akaketi juu ya pikipiki, akazungusha ufunguo. Ikawaka. Akapeleka usukani kulia. Kioo kikabaki na namba zake. Akaurudisha katikati, akaupeleka kushoto. Giza. Katikati, namba. Kushoto, giza.

Nyamai alikuwa mlangoni na kikombe. "Mama Kasyoki, unachezea usukani kama mtoto?"

"Baba Kasyoki," akasema bila kugeuka, "yale maneno yako mawili, leo usiyaseme."

Jumatatu alienda Kibwezi kuchukua chanjo, akarudi pia na mita ya kupimia stima, zile ndogo za manjano zenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Akaja dukani kwangu.

"Nahitaji mtu wa kushika usukani," akasema. "Nikisema kushoto, peleka kushoto. Nikisema katikati, rudisha. Maoni yako yaache hapa dukani, utayakuta."

Nilifunga duka nikamfuata.

Alifanya kazi kama nilivyomwona akipima mnyama, bila haraka, kutoka mwanzo. Alinieleza huku akifungua skrubu, pengine kwa kuwa nilikuwa kimya kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe akikosa nguvu, kwanza unauliza kama anakula. Halafu unafuata chakula, kinapita wapi, kinakwama wapi." Akaonya nisiguse kitu, maana betri ile ni volti sabini na mbili na haina mzaha. Akaweka nyaya za mita kwenye betri: sabini na sita. Imejaa. Ilikuwa hai wakati wote huo mimi nilipokuwa naizika. Akahamia pale nyaya nene zinapoingia kwenye kontrola: sabini na sita. Kushoto. Bado sabini na sita. Kwa hiyo chakula kinafika. Akatafuta ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo, unaoiambia kontrola iamke. Akaugusa.

"Katikati."

Sabini na sita.

"Kushoto."

Sufuri.

"Ai!" nikasema. Akanitazama.

Tulirudia mara tano. Kisha akazima swichi kuu, akachomoa betri kabisa akaiweka kando, ndipo akachukua kisu kidogo cha upasuaji na kuichana ile tepu nyeusi ya shingoni, ile ambayo Githaiga aliita urembo. Chini yake kulikuwa na tepu nyingine, na chini ya hiyo, waya mwekundu uliokuwa umesuguliwa na chuma mpaka ngozi ikaisha. Mtu alikuwa ameuona ugonjwa, akaufunika, akauuza. Ndani, shaba ilikuwa imekatika karibu yote, imegeuka kijani. Usukani ukiwa katikati, ncha mbili zilikuwa zinagusana. Ukivuta kushoto, zinaachana.

Ndila akapiga picha akamtumia Githaiga. Baada ya dakika chache jibu likaja: mikono miwili iliyounganishwa kwa maombi.

Waya ulihitaji kuunganishwa kwa risasi ya kuyeyushwa, na chombo cha kuchomea kipo kimoja tu Ikutha, kwa Ben. Basi Jumamosi, siku ya soko, pikipiki ikasukumwa hadi kwenye kile kibanda, na kwa kuwa habari hapa haihitaji stima kusafiri, tulikuwa pale sote. Jonah alikuwepo. Ben akatoa kile chombo kwa heshima, akataka kuanza.

"Nipe," Ndila akasema.

"Daktari, hii inataka mkono mtulivu."

Ndila amewahi kushona mfuko wa uzazi wa ng'ombe kwa mwanga wa simu, mwenye ng'ombe amezimia kando. Akakata sehemu iliyooza, akaongeza kipande cha waya ili uwe na ulegevu, usivutwe tena. Kabla ya kuunganisha akavisha ule waya mrija wa dripu, ule laini wa plastiki, kutoka kwenye mfuko wake wa dawa. Akauchoma, akausubiri upoe, akausogeza mrija juu ya kidonda, akaufunga mbali na kile chuma. Kazi safi kabisa.

"Hapo ndipo nilikuwa nimeshuku," Ben akawaambia watu.

Betri ikarudishwa. Ufunguo ukazungushwa. Namba zikawaka. Ndila akapeleka usukani kulia, zikabaki. Akaupeleka kushoto mpaka mwisho, zikabaki. Akina mama wauza nyanya wakapiga vigelegele. Ndila akapanda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona anataka kutabasamu mbele ya watu. Akazungusha eksileta.

Hakuna.

Akazungusha tena mpaka mwisho. Taa zinawaka, namba zipo, pikipiki imesimama tuli.

Nitasema ukweli kuhusu mji wangu. Furaha ikatupanda kutoka miguuni. "Si nilisema imekauka?" Jonah akasema. "Hapana, kontrola," Ben akasema, "niliwaambia imeungua." Na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia nikisema, "Maji."

Ndila alibaki juu yake, akizungusha eksileta tena na tena.

Wayua alikuwa amekuja sokoni kununua kamba. Alikuwa amesimama nyuma ya pikipiki, si mbele na wataalamu, na kwa sababu hiyo alikuwa anaona kitu tusichokiona.

"Daktari," akasema, "hii taa nyekundu ya nyuma mbona inawaka? Umeshika breki?"

"Sijashika."

"Basi yenyewe inafikiri umeshika."

Ndila akashuka polepole. Akaja nyuma akaitazama taa. Akarudi mbele, akainama kwenye kishikio cha breki cha kulia. Pale pana kitufe kidogo kama punje ya mahindi. Ukivuta breki, kitufe kinaachiliwa, taa ya nyuma inawaka, na kontrola inanyima injini nguvu ili vitu viwili visishindane. Kitufe kilikuwa kimekwama. Kilikwama kwa sababu kilikuwa kimezama ndani ya grisi, na ile grisi, baada ya wiki mbili za vumbi letu jekundu, ilikuwa imeiva ikawa ugali.

Kila mtu akamtazama Jonah. Jonah akatazama kofia yake.

Ndila akatoa pamba na spiriti ya kusafishia vidonda, akalisafisha lile tundu mpaka kitufe kikaanza kuruka, tik, tik. Taa ya nyuma ikazima. Akapanda, akagusa eksileta kidogo tu, na pikipiki ikatoka mbele kimya kimya, watu wakiruka pembeni. Alipofika mwisho wa soko akakata kushoto. Akazunguka soko zima kwa kushoto, mara tatu, uso mkavu kama hakimu.

Aliporudi, hakuja kwetu. Akasimama kando ya Wayua.

"Ningeifanya hii mapema," akasema kwa sauti ya chini. "Kazi ya asubuhi moja."

Wayua alikuwa anaikunja kamba yake. "Ungeifanya mapema saa ngapi? Ulikuwa unasikiliza hawa." Akatuonyesha kwa kidevu, sote kwa pamoja, tuliosimama pale na elimu yetu. Kisha akapanda nyuma, Ndila akampeleka nyumbani.

Ungedhani baada ya siku ile mji ungejifunza kitu. Umejifunza, ndiyo. Miezi michache baadaye shirika moja lilikuja kutoka Nairobi kutoa mafunzo ya siku tatu ya kutengeneza pikipiki za stima, katika ukumbi wa kanisa. Orodha ya wahudhuriaji iliandikwa na mwenyekiti wa boda, Kaveke. Jina la Ndila liliwekwa, kisha likafutwa, kwa maelezo kwamba huyu ni wa ng'ombe na nafasi ni za mafundi. Jonah akaenda. Ben akaenda. Walipewa fulana, chapati na vyeti vyenye muhuri, na siku ya tatu mkufunzi alileta pikipiki mpya kabisa, imetoka kwenye plastiki, ili awaonyeshe inavyoendeshwa.

Siku hiyo Ndila alikuwa kwangu nyumbani, anachanja mbuzi wangu. Simu yake ikalia; mikono yake ilikuwa na kazi, nikamshikia, nikaweka sauti ya nje. Alikuwa Jonah. Alikuwa ananong'ona.

"Daktari, samahani. Tuko hapa na hii mpya. Imewaka lakini haitembei. Mwalimu ameangalia nyaya zote. Sasa anasema labda ni kiwanda."

"Taa ya breki?"

"Imezima. Hiyo nimeangalia ya kwanza."

Ndila akamshindilia mbuzi sindano, akamwachilia, akavuta mwingine. "Stendi ya pembeni iko juu au chini? Ikiwa chini, kontrola inanyima nguvu."

Tukasikia nyayo, kisha chuma kikigonga chuma, halafu mlio mdogo wa tairi kwenye sakafu, mtu akipiga ukelele, na makofi yakalipuka ukumbi mzima. Juu ya makofi tukasikia sauti ya mkufunzi ikisema kwamba hilo lilikuwa swali la mtihani.

"Asante, Daktari," Jonah akanong'ona. "Usiseme nimekupigia."

"Nishikie huyu masikio," Ndila akaniambia. "Na simu umkatie, ataimaliza betri."